Mzee wa Dakika Tano

Mimi stelingi sijawahi kumpenda. Yule kijana wa mbele mwenye kifua, ambaye hata sayari ikilipuka yeye anatoka nywele zimechanwa, alikuwa ananichosha tu. Kwenye banda la video la Bunda, jirani na kwa shangazi nilikohamia baada ya kujifungua, watu walikuwa wanakuja kumtazama yeye. Mimi nilikuwa namsubiri mzee mmoja ambaye kila akitokea hazidishi dakika tano.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya zamani, ya safari za angani, imeigizwa kabla hata mama yangu hajazaliwa. Mtu alikuja nayo kwenye flashi kutoka Musoma. Rangi zimepauka, meli ya angani inafanana na sufuria iliyofunikwa sahani, na viumbe wa sayari nyingine unawaona mshono wa nguo mgongoni. Wiki ya kwanza vijana walicheka. Wiki ya pili wakaanza kuwahi viti.

Banda lilikuwa na mtafsiri. Anakaa pembeni ya televisheni na maiki, Kiingereza kimepunguzwa sauti, anawasemea wote kwa Kiswahili: mwanamume, mwanamke, roboti, jini. Kipaji alikuwa nacho, simnyimi haki yake. Ila Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, na asiye stelingi alikuwa hamtafsirii. "Hapa wanaongeaongea tu," anasema. "Tusubiri ngumi."

Mzee wangu alikuwa na uso mrefu na mashavu yaliyolegea. Kwanza alikuwa hakimu, wamempaka rangi ya kijani. Baadaye akarudi ni askari magereza. Kisha akawa mfalme mgonjwa, kabandikwa matuta ya mpira kwenye paji la uso. Mtafsiri akachanganyikiwa. Badala ya kukiri, akatuambia huyo ni mtu mmoja, mpelelezi anayejibadilisha ngozi, anamfuata stelingi sayari hadi sayari. Banda zima likaamini. Mzee akitokea, hata kama ameleta chai tu, watu wananong'ona, "Kaja tena mshenzi." Baba mmoja mfugaji wa Butiama, aliyekuwa anapitia bandani kila akija kwa dada yake, ndiye aliyemchukia kuliko wote.

Nilijua ni uongo. Kidato cha nne nilimaliza, na ukiacha mtoto, Kiingereza ndicho kitu pekee nilichotoka nacho. Nilikuwa nakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mtoto akilia nitoke. Ukitega sikio unaisikia ile sauti ndogo chini ya maiki. Hakimu aliongea kwa pua. Askari alikuwa na kigugumizi. Mfalme alivuta pumzi katikati ya neno. Na akikaa kimya ndiyo anafanya kazi zaidi. Stelingi akiongea, wenzake wanasubiri zamu zao kama watu wa foleni ya maji. Yeye anasikiliza, unaona kabisa neno linamwingia. Kwenye ile ya gereza, kabla ya kufungua mlango aliutazama ufunguo, kama mtu aliyeushika miaka yote na leo ndiyo anauona. Mtafsiri wakati huo anatupigia hadithi za mpelelezi.

Nikamfuata mwenye banda, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, nikamwambia naomba kutafsiri.

"Wewe? Na mtoto mgongoni?"

"Mtoto hatashika maiki, mama."

"Watu hawataki sauti ya kike kwenye mambo ya angani."

"Uliwauliza?"

"Nenda kanyonyeshe, mwanangu."

Nikaondoka. Tangu nijifungue kila mtu alikuwa ananituma kunyonyesha, hata nikiuliza saa ngapi. Nilikuwa nanyonyesha. Nilitaka na ile kazi.

Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, ikaja sehemu ambayo mzee ni mpishi wa meli. Meli inapelekwa kuvunjwa, wote wameshashuka, kapteni anakwenda jikoni kumwita. Mzee amesimama, sufuria mkononi. Mtafsiri akasema, "Hapa mpelelezi anaficha bomu kwenye sufuria. Twende mbele." Akanyanyua rimoti.

Nikasimama. "Hafichi bomu. Rudisha."

Vichwa vikageuka. "Nani huyo?" mtafsiri akauliza kwenye maiki, hadi wa nje wakasikia.

"Mimi. Huyo ni mpishi. Hajawahi kuwa mpelelezi. Ni mwigizaji, kila wiki wanampa nguo nyingine."

"Kwa hiyo sisi wajinga?" Yule baba wa Butiama huyo.

"Sijasema hivyo, baba. Nimesema mmedanganywa."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akamwambia mtafsiri, "Mura, ndugu yangu, mpe maiki. Akishindwa tutamzomea."

Nikamtazama mwenye banda pale mlangoni. Aliendelea kuhesabu hela za kiingilio. Nikapita katikati ya mabenchi.

Maiki ilikuwa ina joto la mkono wa mtu. Nikarudisha nyuma, nikaanza. "Nimesikia, kapteni. Meli inavunjwa kesho. Naomba nioshe kwanza masufuria." Kapteni akasema na masufuria yatavunjwa. "Najua. Siwezi kuyaacha machafu."

Sikupiga makelele. Nilishusha sauti kwa sababu yeye aliishusha. Aliponyamaza akawa anasugua, na mimi nikanyamaza, kitu ambacho mtafsiri wa banda hafanyi, maana ukimya anaujaza utani. Yakasikika maji ya kwenye televisheni na kwikwi ya mwanangu mgongoni. Nilisubiri wanizomee.

Mama mmoja wa benchi la katikati akasema polepole, "Hata mimi nisingeyaacha."

Baba wa Butiama akainama mbele. "Kwa hiyo yule hakimu siye huyu?"

"Mwili ni huu, baba. Mtu siye."

"Mimi namchukiaga huyu. Kumbe bure." Akatikisa kichwa. "Ana kazi ngumu. Kila wiki anaanza moja."

Mtafsiri akaichukua maiki yake. "Basi stelingi abaki wangu," akasema. "Hao wengine wabebe wewe." Alitaka kunidharau. Nikamwambia nimekubali, mbele ya mashahidi.

Wakati natoka, mwenye banda akanishika mkono. "Jumapili uje na maji ya kunywa. Sauti inakukauka."

Sasa tuko wawili. Yeye ana ngumi zake, mimi nina mahakimu, wapishi, wafalme wagonjwa na walinzi wa mlango. Hatupendani, na Kiingereza chake hakijapona, ila siku hizi akikwama ananiangalia. Banda moja la Musoma limeuliza kama tunaweza kuwarekodia.

Jumapili hii mzee anarudi, amevalishwa kiumbe asiye na mdomo. Ana mngurumo tu, na macho. Nimemtazama mara nne banda likiwa tupu, namnyonyesha mtoto, na bado sijajua nimpe sauti gani.