Mafuta ya Kambale

Rangi ya kwanza ilikataa kushika. Tuliipuliza asubuhi kwenye mlango na ubavu wa lori la marehemu baba, na kabla ya mchana ilikuwa imekunjamana kama utando juu ya maziwa ya moto. Fundi bodi niliyemteremsha kutoka Mbinga aliigusa kwa kidole, ikatoka yote, laini, kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

Akanusa kidole chake.

“Samaki,” alisema. “Bosi, nusa hapa. Kuna mtu alilipaka hili gari mafuta ya samaki.”

Nilijua ni nani. Baba alipofariki, lori lilibaki hapa Kihagara, ufukweni mwa ziwa, kando ya nyumba ya shangazi, dada yake. Nami nilimwambia shangazi, “Nitunzie, kiangazi kijacho nakuja kulichukua.” Viangazi vikapita. Nilikuwa mjini naandika vitabu, na katika vitabu hivyo ziwa hili nililisifu sana.

Fundi hakuwa mtu wa kunyamaza. “Bati likishakunywa mafuta, rangi itashika wapi? Huyu alidhani gari ni chapati? Angeongeza na chumvi kabisa!”

Akacheka mwenyewe. Mimi nikacheka naye. Kicheko kile kilinitoka kabla sijafikiri, na nilipogeuka nilimwona shangazi nyuma yetu, ameshika sahani ya mihogo aliyotuletea.

“Ni mimi, baba,” alimwambia fundi. “Kila nikipata kambale mnene, mafuta yake nalipaka gari. Marehemu kaka yangu alikuwa anapaka jembe lake hivyo lisishike kutu.”

Fundi alivua kofia. “Samahani, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Kula mihogo, imepoa.”

Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. “Kwa hiyo nimekuharibia?”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno ndiyo kazi yangu. Nikasema, “Hapana, shangazi, ni rangi tu ilikuwa mbovu,” na fundi, aliyeichanganya rangi ile kwa mikono yake, akainamisha kichwa juu ya sahani.

Shangazi hakubishana. Aliingia jikoni, akarudi na ndoo ya maji ya moto na majivu, akakunja kanga kiunoni, akaanza kusugua mlango. Nilimsihi aache. “Niache,” alisema. “Niliyapaka mimi, nitayatoa mimi.” Tukasugua wote watatu, majivu, sabuni ya unga, brashi ya waya, hadi maji yaliyochuruzika yakaacha kuteleza vidoleni.

Bati lilipokauka, fundi alilipitia kwa viganja, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena. Mlango ulikuwa mzima. Ubavu mzima. Hata pembe za chini, ambako kutu hupenda kuanzia, hazikuwa na tundu.

“Mama,” alisema taratibu, “hili bati umeliokoa. Kazi yangu yote iko juu tu.”

Tulitazama juu. Kuanzia kwenye ukingo wa dirisha kupanda, chuma kilikuwa kimeliwa hadi kikawa kama jani lililopitiwa na viwavi, na kwenye paa mwanga ulipenya. Mpaka ulikuwa umenyooka kiasi kwamba ungedhani umepigwa kwa rula.

Shangazi aliinua mkono wake wenye majivu. Vidole viliishia palepale, kwenye mpaka.

“Huku sikufika,” alisema, kama anayeomba radhi. “Ngazi ipo. Nilikosa wa kunishikia.”

Fundi alijifanya anatafuta kitu kwenye boksi la vifaa.

Mimi nilichukua brashi, nikaweka ngazi, nikapanda paani nikaanza kukwangua. Kutu ilinimwagikia mapajani, nyekundu. Kule juu hakuna aliyeweza kuniona usoni. Chini, bila kuambiwa, shangazi alikuwa ameshaikamata ngazi kwa mikono miwili.