Utepe Uliogeuka Mwekundu

Kiwandani walimwita Mama Matone. Miaka kumi na tisa alikuwa akipima kama viyeyushi vya kutengenezea dawa vimeingiwa na maji: anachota kidogo pipani, anadondoshea dawa ya kupimia tone kwa tone, anaandika "kikavu" au "rudisha". Akishaandika, hakuna wa kubisha.

Asubuhi moja alikuja binti wa kaka yake, mtafiti wa chuo, na bahasha ya tepe nyeupe.

"Shangazi, utepe huu umefumwa kwa nyuzi za plastiki, nyembamba kuliko unywele mara mia kadhaa. Zina rangi ndani. Kwenye kiyeyushi kikavu, chini ya taa hii zinang'aa kijani. Zikionja maji, hata chembe, nyekundu."

"Nilikubeba mgongoni, leo umekuja kuninyang'anya kazi?"

Wakacheka. Walichovya utepe kwenye pipa alilopima saa ile ile: kijani. Mama Matone akavimba kichwa.

"Sasa tuweke pale kiyeyushi kinapoingia mtamboni," binti akasema. "Kwenye kile kioo cha bomba."

Kiyeyushi cha pipa lile lile kikafunguliwa, kikapita kwenye kipoozeo, kikafika kwenye kioo. Utepe ukawa mwekundu kama jeraha.

"Taa yako mbovu."

Wakaweka mwingine. Mwekundu. Wa tatu, vilevile. Fundi wa mabomba akafungua kipoozeo, akapitisha kidole, akawaita waone. Kulikuwa na kitundu cha kutosha sindano. Maji ya kupoozea yalikuwa yakijipenyeza humo.

Mama Matone akakaa sakafuni na koti lake jeupe.

Miezi minane nyuma, mtambo ule ule ulilipuka moto. Ndani mlikuwa na sodiamu, metali inayowaka ikigusa maji hata kidogo. Mchanganyaji, mtu mpole aliyezoea kusalimia hadi mlinzi wa zamu, aliungua mkono, kisha akafukuzwa kwa madai kwamba hakukausha chombo. Wiki moja kabla ya moto alikuwa amemwomba Mama Matone, "Mama, njoo upime na huku mtamboni kwangu." Akamjibu, "Nimeshapima." Na mbele ya kamati iliyochunguza moto, Mama Matone aliulizwa mara moja tu, akasema: kikavu.

"Shangazi, hukusema uongo," binti alimnong'oneza.

"Niliitwa, sikwenda."

Meneja aliposikia, alifunga mlango. "Tuzibe kitundu. Yaliyopita si ndwele."

"Kwa yule mchanganyaji bado ni ndwele. Vidole vyake havikunjiki."

Mama Matone akaandika maelezo yake kurasa mbili, akasaini, akabandika zile tepe tatu, akapeleka nakala kwa kila mjumbe wa kamati. Mchana huo huo akaenda kwa mchanganyaji. Alimkuta kibarazani akimenya viazi kwa mkono mmoja, kiazi amekibana kwa goti. Akamweleza yote wima, hata kiti hakukitaka.

Mwanamume aliacha kumenya. Kisu kilimponyoka, akakiacha pale pale.

"Mke wangu!" aliita ndani. "Hebu njoo." Kisha akamgeukia mgeni. "Rudia, mama. Huyu naye alikuwa haniamini."

Akarudia.

Mwezi uliofuata kamati ilifuta barua ya kumfukuza mchanganyaji, ikamwandikia nyingine ya kumrudisha kazini. Barua aliipokea. Kazini hakurudi.