Tantine Hadassa na Ile Chiffre ya Bongo

Kama haujue Tantine Hadassa, utamujua tu na mwendo yake. Ku quartier yetu hapa Butembo, upande wa Rughenda, batu banasemaka ule mwanamuke alizaliwa moteur inawaka. Ni infirmière, muuguzi wa bamama benye kuzaa, ku maternité ya centre de santé moja ndogo. Anakula akisimama, anaomba akitembea, ata ku chorale anaimbaka huku anapangapanga biti bya bengine. Njo maana siku balimwambia "Utabakia nyumbani wiki tatu, hapana kutoka, hapana kugusa mutu," mama yangu Kaswera, dada yake mukubwa, alicheka. Haikukuwa kitu ya kuchekesha. Mais alicheka.

Sababu ni hii. Mwanamuke moja alifika ku maternité anatoka damu mingi, mimba imeharibika. Alitokea Beni. Tantine hakungojea: alivaa gants ku mikono, akaingia ku kazi. Katikati gant ikapasuka, na ku kidole alikuwa na kidonda kadogo ka kisu, sababu asubui alikata bitunguu mbio mbio, vile anafanyaka bintu byote. Alinawa na maji ya chlore, akavaa gant ingine, akaendelea. Ile mama hakupona. Balipomupima, ni Ebola.

Donc bakamupiga Tantine chanjo, kisha bakamuweka mu suivi, bamufuatilie kila siku. Tulimuachia kachumba ka pembeni mu parcelle yetu, na sahani yake, ndoo yake, choo yake. Mutoto wake Précieux, wa miaka ine, akahamia ku nyumba mukubwa kwetu. Mama akachora mustari na majivu mu kiwanja: hapa, Précieux hapana kuvuka. Na kila asubui na mangaribi, Josaphat, kijana wa suivi, anakuya na pikipiki yake na ile thermomètre ya kulenga ku kipaji kama bunduki.

Weee, kufunga ule mutu! Alifagia kiwanja mpaka udongo ikachoka. Alifua rideaux za madirisha, akazianika, akaona hazikutakata, akazifua tena. Alichagua maharagi, akamaliza, akayachanganya na ingine yenye haiyachaguliwa, akaanza upya. Jirani yetu Kanyere alikuwa anamuangalia juu ya uzio.

— Hadassa, uko mu congé ya kupumzika ao mu prison?

— Niko mu paradizo, mama. Nangojea malaika aniletee thermomètre.

— Ule malaika wako anapenda kuchelewa!

— Iyo njo itaniua, hapana Ebola!

Parcelle yote inacheka. Yeye pia anacheka, mais miguu haitulie.

Yenye ilimuumiza ni Précieux. Mutoto anasimama ku majivu, anaita:

— Mama, nikuye?

— Bado, papa wangu mudogo.

— Na sasa?

— Bado.

— Na sasa?

Ilibakia siku kidogo tu amalize, sasa asubui moja anaamka mwili moto. (Hii yote ni yeye mwenyewe ananielezea, tena anapigapiga meza.) Akaweka thermomètre yake mu kwapa: trente-huit na kitu, ni fièvre, homa. Akatikisa, akaweka tena. Ileile. Unajua, infirmière anajua bintu mingi, na shida iko palepale. Akaanza kujisemesha mu kachumba, anaenda, anarudi: "Ni malaria. Mvua imenyesha, mbu biko. Malaria naijua, naitunzaka kila siku! Nikisema fièvre, ambulance inakuya, bale ba kuvaa combinaison mweupe banashuka, quartier yote inakimbia. Na Précieux, nani atamwambia 'bado' pahali yangu?" Akafungua sac yake ya kazi, akatosha paracétamol mbili, akameza. Yeye! Ule mwenye anagombeza bamama kila siku: hapana kuficha fièvre!

Na vile Josaphat alichelewa, dawa ikapata wakati wa kufanya kazi. Anafika, analenga kipaji. Tii!

— Trente-six na kitu, fièvre hapana! Tantine, uko chuma kabisa! Bacommerçants ba Butembo batakuuzisha ku kilo!

Kanyere akapiga bigelegele ku uzio. Mama akasema "Mungu Nyamuhanga asifiwe!" Na mu ile furaha hakuna mutu alishika Précieux. Mutoto akaruka majivu, mikono juu, mbio: "Mamaaa!"

Tantine akarudi nyuma mpaka mugongo ikagonga ukuta.

— Hapana kunigusa! Kaswera, mukamate! Mukamateee!

Mama alimukamata na kola ya chemise, ilibakia mukono moja tu amufikie. Précieux kinywa wazi, machozi haiyatoka. Josaphat angali ameinua thermomètre.

— Tantine, ni nini tena?

— Ile chiffre yako, ile namba, ni ya bongo, ya kudanganya. Nimemeza paracétamol. Niko na fièvre tangu asubui.

— Wewe? Infirmière?

— Mimi, eee. Infirmière. Piga simu bakuye, na usiniangalie hivyo.

Josaphat akaenda pembeni, akapiga. Précieux sasa analia: "Mama, nilikosa nini?" Na Tantine, mugongo ku ukuta: "Haukukosa kitu, papa. Mama njo alikosa." Balikuya. Hakuna mutu alimushika. Alipanda ambulance na miguu yake, mbio, kama mwenye anachelewa kazi.

Kule ku centre ya Ebola balimuweka mu chumba ya plastiki, unaona ndani yote. Akatembea mu ile chumba mpaka bale ba kazi bakamwambia utatoboa chini. Bakamupima. Malaria: iko. Ebola: hapana. Tantine tayari anafunga kitambaa ku kichwa.

— Niliwaambia! Malaria!

— Kaa, dada, docteur Elsa akasema. Ni mapema. Fièvre ikiwa mupya, damu inaweza kukosa kuonyesha virusi. Tena mutu anaweza kuwa na byote bibili. Tutarudilia kisha siku tatu. Na paracétamol yako imetuvuruga, hatujue vizuri fièvre ilianza lini.

Hapo hakukuwa na maharagi ya kuchagua. Alimeza dawa ya malaria, akahesabu mistari ya ukuta wa plastiki. Mama akamuletea Précieux ku inje. Mutoto akasimama mbali, mikono nyuma ya mugongo, anaogopa kupigiwa kelele tena.

— Karibia, papa. Hapa unaruhusiwa.

— Hapana. Ulisema hapana kugusa.

Akatoka kule bila kukaribia. Tantine aliniambia ile ilimuchoma kupita fièvre.

Balirudilia damu: Ebola hapana, tena. Bakamurudisha nyumbani amalize siku zake za suivi ku kachumba. Kesho yake asubui Josaphat anafika, hajatosha thermomètre.

— Fungua kinywa.

— Nini?

— Inua ulimi. Na ile sac ya kazi, lete tuone.

— Angalia na mu mashavu, Josaphat! Kanyere anapaza sauti ku uzio. Uyo anaweza kuficha pharmacie muzima!

Tantine akafungua kinywa, aaa, kama mutoto wa chanjo. Sac hakuwa nayo tena, mama alishaifungia.

— Umemeza nini leo?

— Chai, bwana. Chai na aibu.

— Aibu haipandishake fièvre. Leta kipaji.