Enhee, Zenon

Mama yangu alinionya kabla ya harusi: Zenon ana kigugumizi, siku ya kiapo padre atachoka kusubiri. Padre hakuchoka. Mume wangu alikwama kwenye "Monika", akarudi mwanzo, akakwama tena, na alipolimaliza jina langu kanisa zima lilipiga vigelegele.

Hivyo ndivyo alivyo. Akikwama, anarudi mwanzo. Watu wa sokoni hapa Sumbawanga hawana subira. Akisema "Na-na-naomba," wanamkabidhi chumvi, kumbe alitaka sabuni, naye anaipokea chumvi kwa adabu. Nyumbani kwetu chumvi haikuwahi kuisha. Mimi sikummalizia neno hata siku moja. Naendelea kuchambua maharage yangu, nasema, "Enhee," basi. Neno litakuja tu.

Mahali ambapo hakukwama ni kwenye tarumbeta. Aliijulia kwenye bendi ya parokia, akisoma nota kama anavyosoma sala, na huko walimfundisha kwamba ukikosea unasimama, unaanza upya.

Ilipofika miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Kashinje, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Mtowisa, bondeni huku kwetu, na ng'ombe wao, aliuza mafahali wake akanunua magita na spika, akaanzisha bendi ya jazi ya watu watano. Akamchukua Zenon. Kwenye sehemu ya polepole mume wangu alikuwa safi kabisa. Kazi ilikuwa kwenye chemko, pale wimbo unapokolea na kila mpigaji anapewa nafasi apige cha kwake, kisichoandikwa popote. Zenon anaanza vizuri, anateleza kidogo, anasimama, anarudi mwanzo. Wachezaji wanabaki mguu juu.

Siku moja Kashinje akaja nyumbani kwetu, mtaa wa Izia.

"Kaka Zenon, kwenye chemko hakuna kurudi. Ukiteleza, endelea mbele na hilohilo kosa."

"Na-na ka-kama..."

"Utaweza tu, kaka."

Nilimkata jicho. "Shemeji, mwache amalize."

Lakini Kashinje alikuwa na lake moyoni. Vinanda vya umeme vilikuwa vimeanza kuingia madukani, na kimoja kinatoa sauti ya tarumbeta kwa kubonyezwa kidole. Akasema dansi la mchana la Jumatatu ya Pasaka ndilo litakaloamua: Zenon au kinanda.

Alipoondoka, Zenon alikaa akiifuta tarumbeta kwa kipande cha kitenge changu. Akaniambia, kwa muda wake, kwamba pale jukwaani tu ndipo watu humsikiliza bila kummalizia. Iliniuma sana. Hicho kinanda ningekikuta karibu, ningekipiga mchi.

Jumatatu ya Pasaka ukumbi ulijaa watu na masweta yao, mvua ikinyesha nje. Nilikaa benchi la mbele. Chemko likaingia, Kashinje akampa ishara, Zenon akainua tarumbeta. Akaenda, akaenda, akafika juu, akakwama. Pa! Kimya. Nikaona macho yake yanatafuta njia ya kurudi mwanzo, na wachezaji wameshaanza kutazamana.

"Enhee!" nikasema.

Sikupanga. Mdomo ulijisemea wenyewe, kama niko na maharage yangu jikoni. Zenon akanitazama. Hakurudi. Akapiga sauti ileile iliyomkwamisha. Pa!

"Enhee!"

Pa-pa! Mpiga ngoma akamdaka papo hapo. Akina mama wa benchi letu wakaitikia nami, kisha ukumbi wote. Pa-pa-pa! Enhee! Ndivyo anavyozungumza nami kila siku, nikaitambua sauti yake kabisa, halafu pale palipokwama pakafunguka na tarumbeta ikamwagika, akapiga mambo ambayo sikujua kama anayo. Watu walicheza mpaka masweta yakavuliwa. Mimi nilikaa nikalia, wala sikujificha.

Bendi ilipopumzika, Kashinje alimfuata akiwa ameloa jasho, watu wamewazunguka.

"Kaka, ile umeitoa wapi?"

"Kw-kwa... kwa M-m..."

Mtu mmoja akafungua kinywa kumsaidia. Kashinje akamzuia kwa mkono. Akaliegemeza gita lake ukutani, akamwangalia Zenon, akasubiri.

"Enhee," akasema.

"Kwa Monika."