Jina Ubavuni mwa Mtumbwi

Siku hizi hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ukiuliza Kodjo Amevi ni nani, utachekwa mpaka utafute njia ya kutokea. Kijana wa Togo, miaka kumi na tisa, anasakata mpira huko Ulaya, na ufuoni kwetu hakuna anayejua hata hiyo Togo iko upande gani. Lakini jina lake sasa! Liko kwa kinyozi, liko kwenye baiskeli za kubebea mawese, liko kwenye mitumbwi. Na yote ni mkono wa mtu mmoja, Radjabu mchora majina, ambaye watu walimzoea kwa jina la Papa Uledi.

Huyo Uledi alikuwa mwanawe wa pekee. Alijua mpira, bwana wee! Akicheza mchangani, wauza mawese waliacha madumu yao wakaja kutazama. Ndiyo maana Fabiano, mwenye mitumbwi, akataka mmoja uandikwe ULEDI. Mwaka juzi dhoruba ikamkuta kijana ziwani, ndani ya mtumbwi huohuo. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Kaburi hana. Tangu hapo kila asubuhi baba yake alipita ufuoni, akaweka kiganja juu ya yale maandishi, akasoma Fatiha, ndipo akaenda kazini.

Juzi Fabiano akamwita.

"Amahoro, Papa Uledi. Ule mtumbwi nao uandike Amevi."

"Yote mingine nimekuandikia Amevi. Huu mmoja niachie, nakuomba. Mutoto wangu hana pengine."

"Vijana wanakataa kuupanda. Wanasema jina la marehemu iko na mikosi. Mitumbwi ya Amevi wanaigombania. Usipotaka, nitaita mwingine aje kuliparuza na panga."

Na panga! Radjabu aliumia hasa. Lakini afanyeje? Mwenye mali ndiye msemaji. Afadhali alifute yeye aliyeliandika. Akalikwangua polepole, machozi yakimtoka mbele za watu, nao watoto wakamzunguka, wakashangilia kila herufi ya Amevi ilipotokea. Hawakujua kitu, maskini.

Jioni walimfuata mpaka karibu na kwake. Mmoja akapaza sauti, "Papa Amevi! Kesho utatuandikia na mpira wetu?" Wenzake wakadakia, "Papa Amevi! Papa Amevi!"

"Ee, kesho, wanangu," akaitika Radjabu kwa uchovu wake, bila kufikiri.

Mkewe, Asiya, Mama Uledi mwenyewe, alikuwa mlangoni akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. Alisikia yote. Aliiona na rangi mbichi vidoleni mwa mumewe, wala hakumpa pole ya kazi.

"Umeitika," alisema.

Radjabu akavificha vidole vyake mgongoni.

"Haya. Na mimi sasa waniite mama ya nani?"