Siku Gogo Lilipoingia Chumbani

Harufu ya mkaratusi uliokatwa sasa hivi hunikausha mate. Wengine husema inafungua pua. Mimi hunirudisha kwetu, pale barabara kuu ya Nyamira inaposhuka kuelekea mtoni, katikati ya vilima vilivyonyolewa miti hadi udongo mwekundu ukabaki wazi. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya barabara.

Nilikuwa msichana wa miaka saba. Baba alikuwa kazini Kisii. Mama alikuwa amejifungua juzi tu, amelala chumbani na mtoto, nami nilikaa mlangoni nikimenya ndizi na kujiona mwenye nyumba.

Babu, mzazi wa baba, alikuwa karibu akichuna majani chai. Kwetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse chumba cha mke wa mwanawe. Tunaiita chinsoni, heshima iliyochanganyika na aibu.

Ghafla lori la magogo ya mkaratusi lililokuwa likipanda likaanza kurudi nyuma, mnyororo uliofunga magogo ukakatika. Babu akaja mbio, akafika mlangoni, akasita.

"Mwambie mama yako atoke! Upesi!"

"Amelala, Sokoro. Amesema nisimwamshe," nikajibu kwa adabu zote, nikimwita babu kwa lugha ya kwetu.

Akatazama barabara. Kisha akaingia. Alitoka akimvuta mama kwa mkono, mama amekumbatia mtoto, kichwa wazi bila kitambaa. Mimi akanibeba kwapani kama kuku. Gogo likabingirika kutoka barabarani, likapasua ukuta wa udongo, likatua kitandani.

Majirani walipofika, Babu alikuwa amesimama mbali, ametupa mgongo.

"Mtoto huyu ndiye aliyemtoa mama yake," akawaambia.

Mama akainamisha kichwa. Basi mimi nikanunuliwa soda, nikasifiwa kanisani, na jamani, kichwa kilivimba! Nilidhani hofu ilikuwa imemchanganya Babu.

Mwaka jana niliolewa. Baba mkwe alipokuja kutusalimu, alibaki nje juani, akazungumza nami huku akitazama migomba. Hapo ndipo nilipomwelewa Babu, na machozi yakanitoka. Watu wangesema ameona kitanda cha mke wa mwanawe, na mama asingeinua uso tena mbele yao.

Nikampigia mama simu, nikamwambia kwamba sasa najua kwa nini Babu alisema ni mimi.

"Mwanangu," akasema, "ni wewe uliyenitoa."