Maombi kwa Binti wa Kitabuni

Kitabu cha yule jamaa kilipoingia mtaani kwetu Njiro, nilijua nimekwisha. Sekondari tulikaa dawati moja, na insha zake nilikuwa namsahihishia mimi. Leo ana duka la misumari na mabati Kwa Mrombo, na hayo mambo ya magenge ya unga wa kulevya huko ng'ambo ameyajulia wapi, Mungu ndiye ajuaye. Watu wanachinjwa tangu ukurasa wa kwanza! Mimi nimehangaika miaka na riwaya ya familia moja ya wakulima wa kahawa hapo chini ya Mlima Meru, riwaya ya utulivu, na nakala zake zimejaa uvunguni mwa kitanda.

Kila nilikopita nilikutana nacho. Fundi cherehani alikuwa nacho mapajani, sketi ya mteja kaiacha imening'inia kwenye mashine. Mzee wetu wa kanisa aliitikia shikamoo yangu, akanishika mkono, akaniambia kitabu kile ni cha shetani kabisa, damu tupu. Kisha akaniuliza kama sehemu ya pili imeshatoka. Nilicheka, lakini kicheko cha meno tu. Wivu ulikuwa unanila, sina jina lingine la kuuita.

Jumamosi ile jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwetu. Tuliimba, tukasoma neno, na kama kawaida kila mmoja akataja hitaji lake la maombi. Mmoja alitaja mguu wa mama yake, mwingine mtihani wa mwanawe. Ndipo jirani yetu, macho yamemlowa, akasema, "Jamani, tumkumbuke na yule binti wa Moshono aliyebebeshwa unga. Wamemfungia stoo kule, na mama yake hajui lolote."

Vichwa vikainama. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa: binti mwenyewe ni wa kitabuni, kitabu cha yule yule! Mzee wa kanisa alimwombea kwa jasho, akiwakemea wauza unga kwa jina la Yesu. Nilifumbua macho nione nani anacheka. Hakuna. Na Amina ya mke wangu ilizidi zote.

Wageni walipoondoka tukabaki tunakusanya vikombe. Uvumilivu ukanishinda.

"Mama watoto, kitabu changu ulikisoma kweli?"

"Chote. Mara mbili."

"Mbona hujawahi kumwombea mtu wangu hata mmoja?"

Alifikiri kwanza. Si mtu wa kunidanganya, na siku hiyo nilitamani angekuwa.

"Nilimtafuta wa kumwombea, mume wangu. Wale hawana shida. Wanakunywa kahawa yao, wanaangalia mlima."

Nilisuuza kikombe kilichokuwa safi tayari. Kisha nikamwuliza, kwa sauti ya chini, kile kitabu cha yule jamaa amekiweka wapi.